Paa ni la Nani? Sola katika Vyumba vya Kupanga Mombasa



Tukitaja sola katika mikutano ya vikundi, swali la kwanza huwa ni moja: itatugharimu shilingi ngapi? Ni swali zuri, nasi tutalifikia. Lakini safari hii tunawapeleka Mombasa kisiwani, mitaa ya Majengo na Mji wa Kale, ambako familia za kipato kidogo zimejua kwamba kuna swali jingine linalotangulia bei. Swali hilo lisipojibiwa, hata ukipewa sola ya bure utalala gizani. Swali lenyewe ni hili: paa ni la nani?

Pengine unasema, sisi tuko kijijini, paa ni letu, hayo ni mambo ya mjini. Ngoja kidogo. Wanaopanga vyumba vile vya Mombasa ni watoto wetu na ndugu zetu, na wengi wao ndio wanaotuma nyumbani pesa ya mchango wa kikundi. Tena hata kijijini wapangaji wapo: mwalimu aliyehamishiwa shule yenu, muuguzi wa zahanati, mama mwenye duka katika vyumba vya sokoni. Na kama nyumba ya kikundi imejengwa kwenye shamba la mwanachama mmoja, basi swali la Mombasa ni lenu pia.

STIMA IPO, LAKINI MITA SI YAKO

Mtu asidhani Mombasa haina stima. Stima ya Kenya ilianzia huko. Kwa historia inayotolewa na kampuni ya umeme yenyewe, mwaka 1875 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alinunua jenereta ya kuangazia jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mashine ile ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikakabidhiwa kampuni mpya iliyoitwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Kwa hivyo habari ya taa za umeme Mombasa ina umri wa miaka zaidi ya mia moja.

Sasa ingia ndani ya nyumba ya Kiswahili ya Majengo. Mbele kuna baraza na mlango mmoja. Ukiingia, kuna ujia katikati, na vyumba kama vitatu kila upande. Nyuma ni uani: jiko, choo, na mahali pa kuogea. Kila chumba kina familia yake. Mita mara nyingi ni moja, ya mwenye nyumba, na masharti ni yake: taa moja kila chumba, pasi marufuku, friji marufuku, feni ina malipo yake. Tokeni zikiisha na mwenye nyumba amesafiri, ujia mzima uko gizani. Vyumba sita vinachanga, chumba kimoja hakina kitu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Si ugomvi wa stima peke yake, maana watu wanaogombania tokeni usiku ndio hao hao watakaopanga foleni ya choo asubuhi.

Serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile mwaka 2015 ilipunguza malipo ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ilikuwa nafuu kubwa kwa mwenye nyumba. Mpangaji hakuguswa sana, kwa sababu mita huenda na nyumba, na yeye huondoka na godoro lake.

Halafu kuna siku ambazo hata mwenye mita hana stima. Mwaka 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani mwezi wa Agosti, ikarudia Novemba, ikarudia tena Desemba. Aliyekuwa na balbu mbili za sola usiku huo alikuwa mtu mkubwa mtaani.

NYUMBA YA HUYU, ARDHI YA YULE

Hapa ndipo watu wa bara hushangaa. Kwa sheria iliyoletwa na Waingereza, aliye na ardhi ndiye mwenye jengo lililo juu yake. Pwani mambo hayakuwa hivyo. Kwa desturi ya huku, iliyotokana na sheria ya Kiislamu na kukubaliwa na mahakama tangu enzi za mkoloni, mtu aliweza kukodi kiwanja kitupu, akajenga nyumba kwa pesa yake, kisha akawa analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Nyumba ni mali yake, anaweza kuipangisha na hata kuiuza. Ardhi si yake. Hiyo ndiyo inayoitwa nyumba bila ardhi, na Majengo imejaa nyumba za namna hiyo.

Basi hesabu watu walio juu ya chumba kimoja. Kuna mpangaji anayelala ndani. Kuna mwenye nyumba anayepokea kodi ya chumba. Kuna mwenye ardhi anayepokea kodi ya kiwanja. Na mara nyingi mwenye ardhi mwenyewe ameshafariki, ardhi imebaki kwa warithi, mmoja yuko Malindi, mwingine yuko Uarabuni, na hawasikizani. Katika Mji wa Kale nyumba nyingine ni wakfu, na hizo huangaliwa na Tume ya Wakfu, kwa hivyo hata aliye msimamizi hawezi kuamua kama anavyopenda.

Sola inaingiaje hapo? Inaingia kwa sababu paneli inakaa juani miaka 20 au 25, na mpangaji hajui kama atakuwa chumbani mwezi ujao. Mwenye nyumba naye hana hamu ya kuweka pesa nyingi juu ya paa ambalo mwenye ardhi anaweza siku moja kumwambia aliondoe. Ndiyo maana mbao za mapaa mengi ya Majengo ni nyembamba na bati zina viraka. Kila mtu anaogopa kutengeneza mali ya mwenzake.

Tuchukue mfano. Mpangaji mmoja, tumwite Mama Rehema, amekwenda kumwona mwenye nyumba barazani baada ya alasiri.

– Shikamoo mzee.

– Marahaba mwanangu. Kwema?

– Kwema. Mzee, nimekuja na ombi. Nataka kuweka kisola kidogo juu ya bati, upande wa uani.

– Utobowe bati langu? Mvua ya masika ikija, nani atanyeshewa?

– Hatutobowi ovyo, mzee. Fundi atafunga kwenye boriti, na palipotobolewa atapaziba kwa mpira.

– Haya. Na ukihama?

– Nikihama n'tachukua changu, na mahali pake n'tapaacha kama nilivyopakuta.

– Na ile pesa ya stima? Utasema sasa huna haja na taa yangu?

Maswali ya mzee si ya ubaya. Ni maswali yale yale matatu yanayovunja urafiki baadaye: bati likivuja ni juu ya nani, sola ni ya nani mtu akihama, na malipo ya stima yatakuwaje. Afadhali yaulizwe barazani kabla fundi hajapanda ngazi.

Tunashauri majibu yaandikwe. Karatasi moja inatosha, si lazima wakili. Iandikwe tarehe, ukubwa wa paneli na namba yake iliyo nyuma, inakaa upande gani wa paa, nani atatengeneza bati likivuja, na kwamba sola ni mali ya mpangaji ambayo ataiondoa siku ya kuhama. Iandikwe pia kwamba kodi ya chumba haitapandishwa kwa ajili ya sola. Wote wawili watie sahihi mbele ya mzee wa mtaa na shahidi mmoja, kila mtu abaki na nakala. Ikiwa nyumba ni bila ardhi, mwenye nyumba amwambie na mwenye ardhi, hata kwa mdomo tu, asije akasikia kwa watu.

Kuhusu pesa ya stima, maoni yetu ni kwamba mpangaji asianze kudai punguzo mwezi ule ule sola ilipowekwa. Atakuwa na haki, lakini atakuwa peke yake katika nyumba ya vyumba sita. Miezi michache ikipita na mwenye nyumba akiona mita inazunguka polepole, mazungumzo yatakuwa mepesi.

Wengine watasema, kwa nini mwenye nyumba asiweke sola moja kubwa kwa vyumba vyote? Ni kweli, kwa kila chumba ingekuwa rahisi zaidi. Lakini swichi itarudi mikononi mwa mtu mmoja, na tutakuwa tumezunguka tukarudi kwenye mita ile ile. Sisi tungependa mwenye nyumba aweke taa za ujia, uani na chooni, kwa sababu huko ndiko akina mama na watoto wanaogopa kwenda usiku, na kila mpangaji awe na sola ya chumba chake.

SOLA YA KUHAMA NAYO

Mpangaji anahitaji sola anayoweza kuibeba. Kwa hiyo tusikimbilie vifaa vikubwa. Chukua karatasi, andika kila kitu unachotaka kutumia, wati zake, na saa kwa siku, halafu zidisha. Utapata wati-saa.

Familia ya chumba kimoja inaweza kuandika hivi. Balbu 3 za LED za wati 3, saa 5: ni 45. Kuchaji simu 2, tuseme 20. Redio ndogo ya wati 3, saa 4: ni 12. Mpaka hapo ni wati-saa 77. Mtu wa Limuru angefunga hesabu hapo. Mtu wa Mombasa hawezi, kwa sababu mwezi wa pili na wa tatu chumba cha bati hakilaliki bila feni. Feni ya volti 12 yenye wati 12, kuanzia saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, ni saa 8, yaani wati-saa 96. Jumla inakuwa 173.

Mafundi huhesabu kwamba Mombasa hupata kama saa 5 za jua kamili kwa siku ya kawaida. Paneli ya wati 60 kwa saa 5 ingetoa 300. Lakini joto hula, vumbi hula, waya hula, na betri nayo hula, kwa hiyo ni busara kutegemea kama asilimia 65 tu, yaani 195. Inatosha, na kidogo kinabaki. Mwezi wa Mei mawingu yakitanda na jua likashuka hadi saa 4, utabaki na 156. Basi feni ipunguzwe saa mbili, na kwa bahati kusi limeshaanza na usiku una ubaridi.

Betri je? Kuna mbili. Ya risasi, inayofanana na ya gari, haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu. Kwa hesabu yetu itabidi iwe ya ampea-saa 30: mara volti 12 ni 360, na nusu yake ni 180. Ya lithiamu inakubali kutumika karibu yote, kwa hiyo ya ampea-saa 20 inatosha. Ya lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini hukaa miaka mingi zaidi, ni nyepesi, na haitoi gesi. Jambo la gesi lina uzito kwa mtu wa chumba kimoja. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto, na familia nyingi huiweka chini ya kitanda, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Kama ni lazima ununue ya risasi, iweke penye hewa, mbali na jiko, na mahali mtoto hafiki. Usinunue betri kuukuu ya gari kwa sababu eti ni rahisi. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja ya kuwasha injini, na ukiinyonya polepole usiku kucha itakufa haraka.

Usisahau kontrola, kile kijisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Fundi wa barabarani anaweza kukuambia si lazima. Bila hicho betri hujazwa kupita kiasi mchana na kukaushwa kabisa usiku. Na kwa chumba kimoja tumia balbu, feni na chaja za volti 12 moja kwa moja, achana na inveta, kwa sababu inveta yenyewe hula moto hata kama hujawasha kitu.

Pasi tunaulizwa kila mara. Pasi ya umeme ina wati kama 1,000. Nusu saa ni wati-saa 500, zaidi ya mara mbili ya kila kitu ambacho paneli yetu inatoa kwa siku nzima. Shati lipigwe kwa pasi ya mkaa.

CHUMVI, KUNGURU NA KIVULI

Sola iliyofungwa vizuri Machakos inaweza kufa Mombasa kwa sababu ya chumvi. Upepo wa baharini hula skurubu, na vile vichwa vya waya vya shaba hugeuka kijani. Tumia skurubu za stenlisi, na kila kiungo cha waya kipakwe grisi kisha kifungwe kwa tepu. Miezi mitatu ikipita, angalia tena.

Paneli isilaliane na bati. Bati la Mombasa saa nane mchana linaweza kukaangia yai, na paneli ikipata joto sana hutoa umeme kidogo. Acha nafasi ya upana wa kiganja ili upepo upite chini. Iinamishwe kidogo tu kuelekea kaskazini, kiasi cha maji ya mvua kuteremka na vumbi, kwa sababu Mombasa iko karibu na ikweta na jua hupita karibu juu ya utosi.

Halafu kunguru. Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuambiwa. Kinyesi kimoja cha kunguru katikati ya paneli kinaweza kupunguza umeme kuliko unavyofikiri, kwa kuwa sehemu ndogo ikiwa na kivuli hurudisha nyuma paneli nzima. Kwa sababu hiyo hiyo angalia kivuli cha mwembe, cha mnazi, na cha jirani aliyejenga ghorofa. Panda juu asubuhi saa tatu, saa sita, na saa tisa, uone kivuli kiko wapi, ndipo uchague mahali. Ambaye ameishi kwenye kichochoro chembamba cha Kuze au Kibokoni anajua kwamba kuna nyumba zinazoona jua saa mbili tu kwa siku. Huko ni paa peke yake linalofaa, dirishani hapana.

Juu ya makuti usifunge paneli kabisa. Simamisha mlingoti uani.

Mji wa Kale una jambo jingine. Tangu miaka ya 1990 mtaa huo umekuwa chini ya ulinzi wa sheria za turathi, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi yake ya uhifadhi pale pale. Kuta za nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizitoboa kwa drili na kutia bolti kubwa na saruji, ukuta huanza kumomonyoka kutoka ndani. Kwa hiyo waya zipite ndani, paneli ikae upande wa nyuma wa paa usioonekana njiani, na ofisi ile iulizwe kabla ya kazi kuanza. Wako wanaolalamika kwamba masharti haya ni ya kupendeza watalii wakati wenyeji wanakaa gizani. Manung'uniko hayo tunayaelewa. Lakini ukuta ukianguka, anayelala chini yake ni mwenyeji, mtalii hayupo.

PESA, NA FUNDI

Wakenya si wageni wa sola. Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, upande wa Meru, iliwekewa taa za sola. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, na mhandisi Harold Burris ndio walioisaidia, nao wakafundisha mafundi wa huku huku. Walimu walipoona taa za darasani wakataka na za nyumbani, na biashara ikaenea kutoka shule hadi shule. Mafundi na walimu ndio walioeneza sola, kabla ya matangazo ya redio.

Baadaye kukawa na hasara pia. Mwisho wa miaka ya 1990 watafiti walipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa Kenya wakakuta baadhi ya aina hazikufikia hata kidogo wati zilizoandikwa nyuma yake. Mnunuzi maskini hana chombo cha kupimia. Kikundi kinacho, au kinaweza kununua mita moja ya mkononi ya kupimia volti na ampea, na kuipima kila paneli dukani kabla ya kulipa. Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola anatakiwa kuwa na leseni, ambayo sasa hutolewa na mamlaka ya kawi, EPRA. Mwambie akuonyeshe. Akikasirika, tafuta mwingine.

Kuhusu kulipa, mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vifaa vya sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Miaka ile ya mwanzo mteja alitanguliza kama shilingi 2,500, kisha shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja. Wengi walisikia ile 40 tu, wakailinganisha na mafuta ya taa, wakafurahi, na kweli watu wengi waliacha koroboi kwa njia hiyo. Lakini 40 mara 365 ni 14,600, na ukiongeza malipo ya kwanza ni 17,100. Ukiletewa mpango wa aina hiyo na kampuni yoyote, uliza jumla, uliza ni nini hutokea ukikosa kulipa wiki mbili, na uliza wati za paneli. Vifaa vya mwanzo vilikuwa vidogo. Viliwasha taa na redio na kuchaji simu, lakini feni haviwezi.

Njia ya kikundi ni mzunguko. Wanachama 12 wanachanga kila mwezi, kila mwezi mmoja anapata sola yake, na wote wananunua aina moja ili fundi awe mmoja na vipuri viwe vya aina moja. Kijijini mzunguko huenda vizuri kwa sababu mnajuana hadi boma. Mjini aliyepata mwezi wa kwanza anaweza kuhama usiku wa mwezi wa pili. Kwa hiyo paneli ibaki mali ya kikundi, namba yake ikiwa kwenye daftari, mpaka mzunguko uishe, na kila mtu awe na mdhamini ndani ya kikundi. Rangi kidogo yenye alama ya kikundi nyuma ya paneli husaidia pia, kwa sababu mwizi hapendi kitu chenye jina.

Jambo moja zaidi. Vikundi vingi vya Mombasa vina Wakristo na Waislamu pamoja, na wenzetu Waislamu hawachukui wala hawatoi riba. Kikundi kisikwame hapo. Badala ya kumkopesha mtu pesa, kikundi kinunue kifaa chenyewe, kisha kimuuzie mwanachama kwa bei inayojulikana wazi tangu mwanzo, pamoja na faida ndogo ya kikundi, alipe polepole. Bei haiongezeki akichelewa. Wanachama wote wanaweza kukubali utaratibu huo, na hesabu zake ni rahisi kuliko za riba.

BETRI IKIFA

Paneli itaishi miaka mingi. Betri ya risasi ikitunzwa vizuri hufika miaka mitatu au minne, ikitunzwa vibaya hufa kwa mwaka. Kikundi cha watu 12 wenye betri za risasi kitakuwa na betri 12 zilizokufa, na kila moja ina kilo kadhaa za risasi na asidi. Swali la zitakwenda wapi huulizwa mwisho, ama haliulizwi kabisa.

Mombasa wanalijua jibu la kusikitisha. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa Mikindani, kuna kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilijengwa kiwanda ubavuni mwa kijiji hicho, kikayeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia nyumbani, maji machafu yakapita kati ya nyumba, na watoto walipopimwa damu walikutwa na risasi. Risasi haitoki mwilini kwa urahisi, nayo hudhuru akili ya mtoto na mimba ya mama. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wanakijiji kupinga. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikatengua malipo hayo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakingoja, na baadhi yao walizikwa wakingoja.

Betri zile zilitoka kila mahali, kwenye magari na majumba ya watu waliokuwa wakitaka mwanga na usafiri tu. Tunalisema hili kwa sababu hata sisi tunaosifu sola tumo.

Kwa hiyo kabla kikundi hakijalipa, muulizeni mwenye duka: betri hii ikifa, utaichukua? Akikubali, aandike kwenye risiti. Mwenye kuweza kununua lithiamu anunue lithiamu, ijapokuwa nayo siku moja itahitaji kurudishwa. Katika daftari la kikundi kuwe na ukurasa wa betri: namba, tarehe ya kununuliwa, tarehe ya kufa, na iliko sasa. Betri iliyokufa isimame wima kwenye beseni la plastiki, chumba wasichoingia watoto. Isipasuliwe, na asidi yake isimwagwe uani wala karibu na kisima. Wale vijana wa mikokoteni wanaonunua chuma chakavu wasiuziwe, hata wakitoa bei nzuri, mpaka wamesema wanaipeleka wapi. Zikifika tano au sita, mweka hazina akodi mkokoteni azirudishe zote pamoja dukani, na arudi na risiti.